Ahadi ni Deni: Elimu ya Watoto na Wenzi wa Wanajeshi wa Zamani nchini Marekani

Utangulizi

Methali isemayo kwamba ahadi ni deni hutumiwa aghalabu baina ya watu wawili: aliyetoa neno na aliyelipokea. Hata hivyo, dola nayo huahidi. Inapomvisha kijana sare na kumpeleka vitani, huingia naye katika mapatano ambayo si yote yanayoandikwa. Akirudi mzima, dola hutarajiwa kumsaidia kuyaanza maisha upya. Swali gumu huzuka pale asiporudi, au anaporudi akiwa hawezi tena kujikimu. Je, deni hilo huzikwa pamoja naye, ama hurithiwa na mke, mume na watoto aliowaacha nyumbani?

Makala haya yanaeleza jinsi Marekani ilivyolijibu swali hilo katika uwanja wa elimu tangu mwaka wa 1944. Hoja kuu ni kwamba haki ya elimu ya jamaa za wanajeshi haikuzaliwa siku moja. Ilipanuliwa neno kwa neno katika sheria, na kila neno lililokosekana lilimwacha mtu nje ya lango la chuo.

Mada hii haiko mbali na Kiswahili kama inavyoweza kudhaniwa. Kuanzia mwaka wa 2009, jeshi la Marekani liliendesha mpango maalumu wa kuwaandikisha wageni waliokuwa nchini humo kihalali, wakiwemo wataalamu wa afya na wazungumzaji wa lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Ingawa mpango huo ulifungiwa waombaji wapya mwaka wa 2016, wazungumzaji wa Kiswahili walioingia jeshini kwa njia hiyo walitumikia chini ya sheria zile zile za elimu zinazojadiliwa hapa. Katika familia za namna hiyo, kuelewa neno moja la sheria kunaweza kuamua kama mtoto atasoma kwa mkopo au bila mkopo.

Istilahi na Uzito Wake

Kabla ya kuzama katika sheria zenyewe, ni vyema kuzipambanua istilahi nne. Ya kwanza inamhusu mwanajeshi mwenyewe. Wapo wanaomwita "mkongwe wa vita", lakini ukongwe huashiria umri mkubwa, ilhali kijana aliyeacha jeshi akiwa na miaka 22 naye anahusika. Wengine husema "mwanajeshi mstaafu". Kustaafu nako kuna maana yake mahususi, kwani wengi hutumikia miaka michache tu na kuondoka pasi na pensheni ya utumishi. Makala haya yanatumia "mwanajeshi wa zamani", yaani mtu yeyote aliyetumikia jeshi na kuondoka kwa njia inayokubalika kisheria.

Istilahi ya pili ni "mwenzi". Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa neno hili halibagui mume na mke. Hali kadhalika "mjane" huweza kutumiwa kwa mwanamke na kwa mwanamume, japo wapo wanaomwita mwanamume aliyefiwa na mke "mgane". Sheria za Marekani hazikuanza na upana huo, kama itakavyobainika.

Istilahi ya tatu ni "mtoto". Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtoto wa ndugu ni mtoto, na anayelelewa nyumbani haulizwi cheti. Sheria inayojadiliwa hapa huuliza. Hutambua mtoto wa kuzaliwa, wa kuasiliwa kisheria na wa kambo. Mpwa au mjukuu anayelelewa pasi na hati yoyote ya mahakama hana pa kusimama mbele ya karani, hata kama hajawahi kumjua mzazi mwingine.

Ya nne ndiyo yenye utata zaidi: kile kinachotolewa kiitweje? "Marupurupu" yananukia nyongeza ambayo mwajiri aweza kuiondoa apendapo. "Msaada" humfanya mpokeaji aonekane mhitaji anayenyoshewa mkono. "Mafao" hukaribia zaidi ukweli, kwa kuwa humaanisha malipo ambayo mtu ameyastahili kwa utumishi. Uteuzi wa neno hapa si pambo. Anayepokea marupurupu hushukuru, ilhali anayelipwa deni ana haki ya kuuliza kwa nini limecheleweshwa. Makala haya yanatumia "mafao" kwa sababu hiyo.

Chimbuko: Kutoka kwa Askari hadi kwa Jamaa Yake

Mnamo tarehe 22 Juni 1944, Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasaidia wanajeshi kuyarudia maisha ya kiraia, maarufu kwa jina la GI Bill. Rasimu yake ya awali iliandikwa kwa mkono na Harry Colmery, wakili na kiongozi wa zamani wa chama cha wanajeshi kiitwacho American Legion. Sheria hiyo ilimlipia mwanajeshi aliyerudi karo ya hadi dola 500 kwa mwaka pamoja na posho ya kujikimu. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Kufikia mwaka wa 1956, watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wameitumia kusomea vyuoni au kujifunza kazi mbalimbali.

Pamoja na ukarimu huo, sheria ilimtazama mwanajeshi peke yake. Mwenye mke alipata posho iliyozidi ya asiye naye, lakini mke mwenyewe hakuwa na haki ya kwenda chuoni kwa jina lake. Aidha, aliyekufa vitani hakuweza kusoma, na kwa hivyo sehemu yake ya mafao ya elimu haikumfikia mtu yeyote. Hapo ndipo kinaya kilipojitokeza: familia iliyotoa zaidi ndiyo iliyopata kidogo zaidi katika elimu.

Pengo hilo lilianza kuzibwa tarehe 29 Juni 1956, Rais Dwight Eisenhower alipotia saini sheria ya elimu ya mayatima wa vita. Iliwahusu watoto wa wanajeshi waliokufa kutokana na majeraha au maradhi ya utumishi katika Vita Vikuu viwili vya Dunia na vita vya Korea. Muda uliotolewa ulikuwa miezi 36. Kwa kuwa mwaka wa masomo huchukua takriban miezi tisa, miezi 36 hutosha miaka minne ya shahada ya kwanza. Hesabu hiyo imesalia kuwa uti wa mgongo wa mipango mingi iliyofuata.

Neno "yatima" nalo lilikuwa na mipaka yake. Baba aliyerudi akiwa amepooza hakuwa amekufa, hivyo wanawe hawakuwa mayatima, ingawa mezani kwao hapakuwa na tofauti kubwa. Mwaka wa 1964 sheria ilipanuliwa ili kuwajumuisha watoto wa wanajeshi wenye ulemavu kamili wa kudumu uliotokana na utumishi. Miaka minne baadaye, mnamo Oktoba 1968, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, wake wa walemavu hao na wajane wa waliokufa waliongezwa. Ilikuwa imechukua miaka 24 tangu sheria ya kwanza kwa mke wa mwanajeshi kutambuliwa kuwa mwanafunzi.

Hata hapo, lugha ya sheria iliendelea kumchukulia mwanajeshi kuwa mwanamume. Suala hilo lilifika katika Mahakama ya Juu zaidi kupitia kesi ya Sharron Frontiero, luteni wa jeshi la anga, aliyenyimwa posho ya nyumba na matibabu kwa ajili ya mumewe. Maafisa wanaume waliwapata wake zao posho hizo bila kuulizwa chochote, ilhali yeye alitakiwa kuthibitisha kwamba mumewe alimtegemea kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Tarehe 14 Mei 1973 mahakama iliamua kwamba ubaguzi huo ulikiuka katiba. Kesi hiyo haikuhusu karo, lakini ilionyesha jinsi neno lisilobagua, mfano wa "mwenzi", linavyoweza kubeba haki ambayo neno "mke" haliwezi kuibeba.

Njia Tatu Zilizopo

Kwa sasa, jamaa ya mwanajeshi wa Marekani huweza kupata mafao ya elimu ya serikali kuu kwa njia tatu kuu. Zinafanana kwa mbali, na kufanana huko ndiko kunakowapoteza wengi.

Njia ya kwanza ni mrithi wa ile sheria ya 1956, na hujulikana kama mpango wa Sura ya 35. Unawahusu watoto na wenzi wa mwanajeshi aliyekufa kutokana na utumishi au mwenye ulemavu kamili wa kudumu uliosababishwa na utumishi. Malipo hutolewa kwa mwanafunzi mwenyewe kila mwezi, nayo ni zaidi ya dola 1,500 kwa anayesoma muda wote. Kutokana na fedha hizo, mwanafunzi hulipa karo, kodi ya nyumba, vitabu na chakula. Zamani mpango huu ulifikia miezi 45. Sheria ya mwaka wa 2017, iliyopewa jina la Colmery aliyetajwa hapo juu, iliushusha hadi miezi 36 kwa wanaoanza kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, huku ikiongeza malipo ya kila mwezi kwa takriban dola 200. Hivyo mkono mmoja ulitoa na mwingine ukatwaa.

Njia ya pili ni ufadhili wa Fry. Jina hili linatokana na John David Fry, sajini wa kikosi cha wanamaji kutoka Texas aliyekuwa mtaalamu wa kutegua mabomu. Mnamo Machi 2006, zikiwa zimesalia siku chache tu kabla ya kurudi nyumbani, alijitolea kutegua bomu katika mkoa wa Anbar nchini Iraq, likamuua. Alikuwa na umri wa miaka 28, na aliacha mke na watoto watatu wadogo. Ufadhili huo ulianzishwa mwaka wa 2009 kwa watoto wa wanajeshi waliofia kazini tangu tarehe 11 Septemba 2001. Wajane waliongezwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Tofauti na Sura ya 35, hapa chuo cha umma hulipwa karo yote ya mkazi wa jimbo moja kwa moja, na mwanafunzi hupata posho ya nyumba na ya vitabu. Katika vyuo vya binafsi, malipo huwa na kikomo kinachopangwa kila mwaka.

Njia ya tatu haihitaji kifo wala ulemavu. Sheria mpya ya elimu iliyotiwa saini mwaka wa 2008 na kuanza kutekelezwa Agosti 2009 humruhusu mwanajeshi kumhamishia mwenzi au watoto miezi yake 36 ambayo hajaitumia. Sharti ni awe ametumikia angalau miaka sita na akubali kutumikia minne zaidi. Mwenzi huweza kuanza kusoma mara moja. Mtoto husubiri hadi mzazi atimize miaka kumi ya utumishi, naye mwenyewe awe amemaliza shule ya upili au kufikia umri wa miaka 18. Haki yake hukoma atimizapo miaka 26.

Mfano utafafanua. Chukulia sajini mwenye mke na watoto wawili. Anaweza kumgawia kila mmoja miezi 12, yaani mwaka mmoja na theluthi hivi wa masomo. Anaweza pia kumpa kifungua mimba miezi yote 36 na kuwaacha wengine wajitafutie. Fungu ni lile lile, na kila anayeongezwa hupunguza cha mwenzake. Muhimu zaidi, mgao wa kwanza ni lazima ufanywe mwanajeshi akiwa bado kazini. Akishaondoka, anaweza kubadilisha idadi ya miezi baina ya wale aliokwisha kuwataja, lakini hawezi kuongeza jina jipya. Mwenye busara humwandikia kila mtoto angalau mwezi mmoja kabla ya kuivua sare. Asiyefanya hivyo hugundua, mtoto anapoitwa chuoni, kwamba mlango ulifungwa miaka kumi iliyopita na ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Kasoro na Mijadala

Sheria inayolipa deni kwa masharti huzua maswali ya haki. Swali la kwanza ni lile la mizani baina ya kifo na ulemavu. Mtoto wa aliyefia kazini hulipiwa karo kamili na Fry. Mtoto wa aliyerudi bila miguu hana budi kutegemea posho ya Sura ya 35, isipokuwa mzazi aliwahi kumhamishia miezi yake. Naye mtoto wa mwenye ulemavu uliokadiriwa kuwa asilimia 90, na ambaye hakutambuliwa kwa njia nyingine kuwa hawezi kuajiriwa, hapati chochote katika mpango huo. Hivyo asilimia chache katika faili la daktari huwa ni tofauti baina ya kusoma na kutosoma.

Swali la pili ni la uchaguzi usiobatilika. Anayestahili Sura ya 35 na Fry kwa sababu ya kifo kimoja hutakiwa kuchagua moja, na akishachagua harudi nyuma. Watoto ambao mzazi wao alifariki kabla ya tarehe 1 Agosti 2011 huweza kutumia zote mbili, moja baada ya nyingine. Uamuzi huo huangukia kijana wa miaka 18 au mjane aliye katika matanga. Kwa mjane kuna sharti jingine: kwa kawaida akifunga ndoa tena hupoteza haki hiyo, japo wapo wanaosamehewa wakifunga ndoa katika umri mkubwa. Wanaotetea sharti hilo husema kwamba mwenzi mpya huchukua jukumu la kumtunza. Wanaolipinga huuliza: ikiwa mafao ni deni kwa damu iliyomwagika, vipi deni lifutwe na harusi?

Swali la tatu linahusu muda. Kwa miaka mingi, mtoto alipaswa kutumia Sura ya 35 kati ya miaka 18 na 26, naye mwenzi ndani ya miaka 10, au 20 iwapo kifo kilitokea kazini. Mjane mwenye watoto wachanga aliweza kuimaliza miaka hiyo akibembeleza na kulea. Kasoro hii imerekebishwa kwa kiasi: ukomo huo umeondolewa kwa wale ambao sababu ya kustahili kwao ilitokea kuanzia tarehe 1 Agosti 2023.

Swali la nne ni nani anayebeba gharama. Baadhi ya majimbo yana mipango yao. Texas, kupitia sheria ya Hazlewood, huwasamehe wanajeshi wa zamani karo ya hadi saa 150 za masomo katika vyuo vya umma, na tangu mwaka wa 2009 saa ambazo hazijatumiwa huweza kupewa mtoto. Idadi ya wanaosamehewa ilipanda kwa kasi, na katika miaka ya 2010 karo isiyokusanywa ilizidi dola milioni 100 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilibaki mabegani mwa vyuo vyenyewe. Bunge liliahidi, chuo kikalipa.

Fedha hizi ziliwavutia walanguzi pia. Sheria ya Marekani ilizuia vyuo vya kibiashara kupata zaidi ya asilimia 90 ya mapato yao kutoka kwa fedha za wizara ya elimu, lakini mafao ya kijeshi yalihesabiwa upande wa ile asilimia 10 iliyobaki. Kwa hivyo kila mwanajeshi, mjane au yatima aliyeandikishwa alikiwezesha chuo kupokea fedha nyingi zaidi za umma. Mwaka wa 2016 mtandao wa vyuo vya ITT ulipofungwa ghafla, wanafunzi walibaki na miezi iliyotumika na vyeti visivyokamilika. Sheria ya mwaka wa 2017 iliruhusu waliofungiwa vyuo kurudishiwa miezi yao, na mwanya wa hesabu ulizibwa kwa sheria ya mwaka wa 2021 iliyoanza kutekelezwa mwaka wa 2023.

Waliobaki Nje ya Mlango

Mjadala mzito kuliko yote unahusu wale ambao baba zao hawakupewa chochote cha kurithisha. Sheria ya 1944 haikumtaja mtu yeyote kwa rangi yake, lakini utekelezaji wake uliachiwa ofisi, benki na vyuo vya mahali. Katika majimbo ya kusini, vyuo vingi vilikuwa vya wazungu pekee, na vile vilivyowapokea weusi vilijaa vikashindwa kuchukua zaidi. Sajini Joseph Maddox alikuwa amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Harvard, lakini ofisi ya mafao ilimnyima karo. Sajini Isaac Woodard alipigwa na polisi na kupofushwa South Carolina mwezi Februari 1946, saa chache tu baada ya kuagana na jeshi, akiwa bado amevaa sare.

Mnamo mwaka wa 2021, na tena mwaka wa 2023, mswada wenye majina ya wawili hawa uliwasilishwa katika Bunge la Marekani. Ulipendekeza kwamba wenzi walio hai na wazao wa wanajeshi weusi wa Vita Vikuu vya Pili wapewe mafao ya elimu na ya nyumba ambayo wazee wao walinyimwa. Haukupitishwa katika vipindi hivyo viwili vya bunge. Pamoja na hayo, ulidhihirisha mantiki yote ya mada hii. Iwapo haki ya elimu huhama kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, basi dhuluma nayo huhama. Aliyenyimwa chuo mwaka wa 1946 hakunyimwa yeye peke yake, kwa maana mwanawe aliyekuja kuzaliwa aliianza safari akiwa nyuma ya mwana wa jirani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mafao ya elimu kwa jamaa za wanajeshi nchini Marekani yamepanuka kwa hatua: askari mwaka wa 1944, yatima mwaka wa 1956, mtoto wa mlemavu mwaka wa 1964, mke na mjane mwaka wa 1968, na jamaa ya askari aliye hai na mzima mwaka wa 2009. Kila hatua ilianza kwa kugundua kwamba kulikuwa na mtu ambaye sheria haikumtaja. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kisa hiki kina funzo la kitaaluma. Anayetafsiri hati ya mafao kwa ajili ya mjane asiyeielewa lugha ya sheria hatafsiri maneno matupu. Akiandika "marupurupu" mahali pa "mafao", humfanya mjane aombe anachostahili kudai. Akiandika "mke" mahali pa "mwenzi", humfungia mume mlango. Akisahau kueleza kwamba uchaguzi haubatiliki, humwacha yatima atie saini gizani. Ahadi ya dola ni deni, na deni huanza kulipwa pale mdai anapolielewa.